Mrija Unaocheza: Kuziba si Kushika

Ubavuni mwa kabureta ya pikipiki ya zamani, pale mpira wa mafuta unapoingia, kuna mrija mfupi wa shaba ya manjano, mwembamba kuliko kidole cha mwisho cha mtoto. Mrija huo hauna thredi. Hauna nati wala skrubu ya kuukaza. Haukulehemiwa, na kwa kawaida kiwandani haupakwi gundi. Hata hivyo petroli yote iliyochomwa na injini ile kwa miaka 40 au 50 imepita humo, pikipiki ikiruka makorongo na kuungua juani, na mrija haukuchomoka. Unashikiliwa na nini? Ni swali dogo, lakini ukishaulizwa halikutoki kichwani. Na majibu yanayotolewa gereji siku mrija unapoanza kucheza yanaonyesha kwamba wengi hatujawahi kujiuliza. Tunaona petroli inayodondoka, hatuoni kilichoachia.

Jibu ni kwamba mrija unashikiliwa na tofauti ya vipimo, basi. Tundu limetobolewa likiwa dogo kidogo kuliko mrija, kisha mrija ukasukumwa ndani kwa nguvu. Tofauti yenyewe huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa kama sehemu saba za mia, kwa hiyo tunazungumzia kitu chembamba kuliko unywele. Shaba ilibanwa, ukuta wa tundu ukatanuliwa, na tangu siku hiyo viwili hivyo vinasukumana kimyakimya. Kusukumana huko ndiko kunakoushika mrija, na huko huko ndiko kunakozuia petroli kupenya. Jambo hili si geni kwa aliyewahi kulima. Mkia wa jembe hupigiliwa kwenye tundu la mpini lililo dogo kuliko huo mkia, na jembe likakaa. Kiangazi mpini ukikauka, jembe huanza kucheza, na mkulima hulitia kwenye ndoo ya maji usiku ili mti uvimbe na kulibana tena. Likizidi, anapiga kabari. Hakuna mkulima anayezungushia utomvu shingoni mwa jembe akaenda nalo shamba.

Kwenye kabureta, hilo la utomvu ndilo tunalolifanya. Mrija ukicheza, gundi ya vichupa viwili inakorogwa juu ya kipande cha boksi, inapakwa kuzunguka shingo ya mrija kama matope kwenye ufa, na pikipiki inaondoka. Hoja ya makala haya ni kwamba hapo zimechanganywa kazi mbili: kuziba na kushika. Mafundi wa majahazi wa pwani wamezitenganisha mbili hizi tangu zamani. Mbao hushikwa na misumari. Mianya kati ya mbao huzibwa kwa kalafati, pamba iliyolowa mafuta na kusindiliwa kwa nyundo. Kalafati ni kazi ya heshima, na chombo kisichokalafatiwa kitazama. Lakini hakuna fundi anayetarajia pamba ishike mbao zisiachane mawimbi yakipiga. Mrija uliolegea umepoteza vyote viwili kwa pamoja, na ukarabati unaourudishia kuziba bila kuurudishia kushika umefanya nusu ya kazi, tena ile nusu inayoonekana.

Ili kujua namna ya kurudisha mshiko, ni lazima kujua ulikokwenda. Sababu ya kwanza imo ndani ya madini. Miili ya kabureta nyingi za Keihin, Mikuni na Amal imesubiwa kwa aloi ya zinki. Aloi maarufu ya aina hii, Zamak, ilitolewa Marekani na kampuni ya New Jersey Zinc mwaka 1929, na jina lake limeungwa kwa herufi za mwanzo za majina ya Kijerumani ya zinki, aluminiamu, magnesi na shaba. Huyeyuka kwenye nyuzi 385 hivi za Selsiasi, joto dogo kwa madini, ndiyo maana hujaa vizuri kwenye kalibu na kutoa njia nyembamba za mafuta bila taabu. Lakini ulaini huo una deni lake. Zinki ikisukumwa mfululizo, hata bila kuchemka, hukubali polepole. Ukuta wa tundu uliotanuliwa mwaka 1976 unazoea kutanuka, na kila mwaka unarudisha msukumo mdogo kuliko mwaka uliopita. Tena zinki hutanuka kwa joto kuliko shaba ya manjano: takriban sehemu 27 kwa milioni kwa kila nyuzi, dhidi ya 19 za shaba. Maana yake injini ikipamba moto, tundu hukua haraka kuliko mrija uliomo. Mshiko huwa mkubwa asubuhi pikipiki ikiwa baridi, na hupungua jioni baada ya safari. Kwa mrija uliokwisha kuchoka, huo ndio mwanzo wa ule mzozo wa mteja anayeapa kwamba pikipiki inavuja na fundi anayeitazama imelala, kavu kabisa. Wote wawili wanasema kweli.

Sababu ya pili ni mkono wa mtu, na hapa fundi mzoefu wa kabureta hutofautiana na wengine: hutazama mpira kabla ya kutazama mrija. Mpira mpya wa mafuta ni laini na mtiifu. Joto na petroli huuibia ulaini huo mwaka hadi mwaka, mpaka unakuwa mgumu kama kijiti na kuganda juu ya mdomo wa mrija, ambao umetengenezwa ukiwa na uvimbe makusudi ili mpira usichomoke. Siku ya kufungua kabureta, mwenye haraka anaukamata kwa plaisi, anauzungusha kushoto, kulia, kisha anavuta. Mpira haukubali. Kinachokubali ni kile kilichoshikwa na sehemu mbili tatu za mia za milimita. Mrija ukishazunguka mara moja, kuta mbili zilizokuwa zimekaa pamoja kwa miongo zimekwaruzana, na michirizi iliyobaki ni mifereji midogo ya petroli. Mara nyingi hauvuji siku hiyo. Unavuja baada ya wiki kadhaa, na hakuna anayekumbuka plaisi. Fundi mzoefu hachomoi mpira mkongwe. Huuchana kwa wembe kwa urefu, kwa mshazari ili makali yasiichore shaba, kisha huubandua kama ganda la muhogo. Mpira ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika njia ile ya mafuta, na ndio unaookolewa kwa gharama ya kile kisicho na mbadala. Ukiongeza mpira uliokatwa mfupi mno, unaouvuta mrija kila usukani unapotikisika, au chujio zito linaloning'inia bila kufungwa popote, utaona kwamba mrija haukulegea wenyewe. Ulilegezwa.

Kabla ya kugusa chochote, chanzo lazima kithibitishwe, maana petroli hushuka na doa la chini halisemi lilikotoka. Kama mafuta yanatoka kwenye kimrija cha kumwagia ziada chini ya bakuli la kabureta, shitaka ni la sindano na boya, na mrija wa shaba hauna kosa. Kama mpira umepasuka karibu na kibanio, petroli itatambaa hadi shingoni mwa mrija na kuusingizia. Ushahidi wa mrija wenyewe ni pete: duara la vumbi lililoshiba mafuta, jeusi, likizunguka mahali shaba inapozama kwenye zinki. Fundi hulifuta mpaka pakauke, hupaka poda ya mtoto au vumbi la chaki, kisha hufungua koki na kusubiri. Poda ikilowa kuanzia kwenye duara hilo na kuenea nje, kesi imekwisha. Na kesi hii si ya kuahirisha. Mvuke wa petroli huweza kushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kutafuta cheche badala ya kupaa. Pikipiki inayodondosha petroli juu ya injini ya moto, imeegeshwa mita chache kutoka kwenye jiko la mama lishe, si ya kuambiwa ije kesho.

Ukarabati wenyewe huanza kwa kuuchomoa mrija kabisa, jambo linalowatisha wengi kwa sababu linaonekana kama kuharibu zaidi. Kabureta hushushwa, humwagwa, huoshwa, na vyote vya mpira na plastiki hutolewa. Ndani ya mrija huingizwa shina la keekee linaloenea barabara, ili koleo lisiukunje, kisha mrija hushikwa juu ya kitambaa na kuvutwa moja kwa moja bila kuyumbishwa. Hapo ndipo maikromita inapozungumza. Fundi hupima mrija mara tatu akiuzungusha: ukitoa vipimo vitatu tofauti, umeshageuka yai kwa kubanwa. Tundu nalo huangaliwa kwa lenzi. Likiwa bado ni duara, habari ni njema; hupelekwa kwa fundi kereza, naye hukereza mrija mpya wa shaba unaozidi tundu kwa sehemu mbili au tatu za mia za milimita, ncha ikiwa imechongoka kidogo ili iingie kwa adabu. Pasipo kereza, mkia wa mrija wa zamani huweza kutanuliwa kidogo kwa ncha ya chuma iliyochongoka, gonga moja, pima, gonga tena. Hiyo ndiyo kabari ya jembe. Tamaa hapa huponza: ukizidisha ukubwa, zinki haitapiga kelele, itapasuka, na kabureta iliyokuwa ikivuja itakuwa chuma chakavu.

Kisha inakuja sehemu ambayo ingemfurahisha yule mkulima wa ndoo ya maji. Ile tabia ya zinki ya kutanuka kuliko shaba, iliyokuwa adui barabarani, sasa inafanywa mtumishi. Mwili wa kabureta, mkavu usio na hata harufu ya petroli, hupashwa kwenye tanuri la umeme hadi nyuzi 100. Mrija hulazwa kwenye friza. Tundu la milimita 6 likitoka kwenye joto la chumba hadi nyuzi 100 hupanuka kwa sehemu moja hivi ya mia ya milimita, na mrija ukishuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri husinyaa kwa nusu ya hiyo. Kwa hesabu ya kawaida si kitu. Kwa kiungo kinachoishi kwa sehemu mbili za mia, ni karibu yote: kinachohitajika ni jiliwa lenye meno yaliyofunikwa kwa mbao, mkono mtulivu, na msukumo mmoja ulionyooka kabla joto halijakimbia. Moto wa wazi haukaribishwi hapa kwa hali yoyote. Anayependekeza kulehemu kwa shaba anapendekeza joto lililo juu sana ya kiwango cha kuyeyuka cha zinki. Mwili utalainika na kumwagika kabla mrija haujashika.

Watetezi wa gundi wana haki ya kusikilizwa, kwa sababu hoja yao si ya kijinga. Watasema wameona kabureta zilizopakwa gundi zikidumu miaka, na ni kweli zipo. Watakumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini methali hiyo haikusema kwamba ufa ukizibwa msingi umepona. Gundi iliyopakwa nje hudumu kwa muda ambao hakuna anayeusumbua mrija, na mtihani wake huja siku mpira unapobadilishwa. Siku hiyo mrija hufanya kazi ya mtaimbo, shingo ikawa egemeo, na gundi iliyokaa juu ya shaba laini yenye unyevu wa mafuta hubanduka kama gamba. Zaidi ya hayo, petroli si ile ile kila mahali wala kila wakati. Uingereza, kwa mfano, ilihamia petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10 mwezi Septemba 2021, na si gundi wala mpira wote wa zamani unaoivumilia. Hata hivyo ipo gundi inayostahili kuingia kazini, nayo ni ile inayoganda pale inapokosa hewa na kugusa madini, iliyoanzia kwa mwanakemia Vernon Krieble huko Connecticut miaka ya 1950. Tone lake likipakwa kwenye mkia wa mrija kabla ya kusukumwa, huenda ndani ya michirizi na kuganda humo humo. Tofauti ni mahali na cheo. Ndani, kati ya kuta zinazosukumana tayari, gundi ni kalafati. Nje, juu ya mrija usioshikwa na chochote, imepewa kazi ya msumari.

Pingamizi la pili ni la mfukoni, na ndilo zito zaidi. Kwa nini fundi kereza, maikromita na friza, wakati kabureta mpya ya kunakili inapatikana dukani ikiwa kwenye boksi lake? Kwa mwendesha bodaboda ambaye siku bila pikipiki ni siku bila mlo, hoja hii haina jibu la kejeli, na anayemshauri asubiri kereza wiki nzima hajui hesabu zake. Pikipiki yake yenyewe ni sehemu ya hadithi hii. Honda ilitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hufanyishwa kazi bila kubembelezwa. Injini yake rahisi ya fimbo za kusukuma vali ilinakiliwa sana China, na wajukuu wake ndio wanaobeba abiria na magunia Afrika Mashariki leo. Kwa mjukuu, nunua mpya. Kwa babu, mambo hubadilika. Kabureta ya nakala huja na jeti zake na tabia zake, na injini ya zamani iliyopangwa kwa nyingine huanza kukohoa, kuchemka au kunywa. Mwili wa asili ukitupwa umetoweka, kwa sababu mingi haisubiwi tena. Lakini jibu la msingi linawagusa babu na mjukuu sawia: plaisi iliyolegeza mrija wa kwanza bado iko kwenye sanduku la zana. Anayebadilisha kabureta bila kubadilisha mkono amenunua muda tu.

Wengine watauliza kwa nini tusikate thredi na kufunga kiungo cha skrubu, tukasahau habari za unywele. Amal ya Birmingham, iliyozaliwa mwaka 1927 kwa kuunganishwa kwa Amac, Brown & Barlow na Binks, ilifuata njia hiyo: kabureta zake za Monobloc, zilizofungwa mbili mbili kwenye Triumph Bonneville ya 1959, hupokea mafuta kupitia kiungo cha pete kilichokazwa kwa bolti na washa za faiba. Kiungo hicho huweza kufunguliwa mara mia bila kuumiza kitu, mradi anayekikaza anajua kuacha. Asipojua, thredi za zinki hung'oka, na kilio ni kile kile. Kugeuza tundu la mrija wa kubana kuwa la thredi inawezekana palipo na nyama ya kutosha, na mara nyingi haipo. Wenye Amal wana bahati nyingine: tangu 2003 jina hilo limo mikononi mwa Burlen wa Salisbury, wanaozitengeneza upya. Na zipo zisizo na bahati yoyote: miili ya kale iliyosubiwa kwa zinki yenye uchafu wa risasi, inayojipasua yenyewe kutoka ndani. Hizo hazina mshiko wa kurudishiwa.

Yote haya hayafuti maswali yanayobaki. Kila mrija mpya mnene zaidi huutanua ukuta ule ule uliokwisha kuchoka. Tundu moja lina ukarabati wa mara ngapi ndani yake, tatu, au huu ndio wa mwisho? Na nani atamlipa fundi saa mbili za kupima kitu ambacho mteja hatakiona, wakati jirani yake anapaka gundi kwa dakika tano na wote wawili wanakabidhi kabureta kavu? Kazi ikiisha, fundi mzoefu huijaza kabureta petroli juu ya meza, huizungushia shingo ya mrija karatasi ya chooni, na kusubiri saa nzima. Karatasi ikibaki kavu, huuchovya mpira mpya kwenye maji ya moto ulainike, huufuta, na kuusukuma mahali pake bila kuuzungusha. Karatasi imemthibitishia kwamba pameziba. Kuhusu kushika, kipimo cha uhakika ni kimoja tu, kuukamata mrija na kuupinda kwa nguvu, na hicho ndicho hatakifanya, kwa sababu ndicho kilichouleta mezani kwake.